Tanuri Likishafungwa

Kama ungefika nyumba ya marehemu Abdirahim hapa Isiolo mjini, Ijumaa yoyote baada ya alasiri, ungewakuta watu wazima wanne wameketi mkekani wakioka keki bila moto wala unga. Wangeitikia salamu yako, wakakuonyesha birika la chai lilipo, kisha wakakusahau. Mchezo ule ulikuwa na tabia ya kumeza watu.

Ulikuwa mchezo wa karata. Dada wa Hamdia, mkamwana wa nyumba hiyo, alikuja kutembea kutoka ughaibuni na ndiye aliyeuacha, kwa sababu sanduku lake la kurudia lilijaa nyirinyiri, ile nyama ya kukaangwa na kuhifadhiwa, na ubani, likakosa nafasi ya upuuzi. Karata nyingine zilikuwa na picha za unga, mayai, siagi na ndizi. Nyingine zilikuwa oda za wateja. Tatu zilikuwa na picha ya moshi. Wachezaji hawashindani, wote ni waokaji wa duka moja. Kila mmoja huficha karata zake, haruhusiwi kusema ana nini, na huweka moja kifudifudi ndani ya sinia dogo ambalo ndilo tanuri. Sinia likifunuliwa na vitu vikatimiza oda, keki imeiva. Visipotimiza, karata moja ya moshi inatolewa. Moshi wa tatu ukitoka, duka limefungwa na wote wameshindwa pamoja. Oda zikiisha kabla ya hapo, wote wameshinda.

Hawakuwa wamewahi kushinda hata mara moja.

Waliocheza walikuwa Habon, mjane wa Abdirahim, ambaye nyumba nzima ilimwita Hooyo, kwa Kisomali ni mama. Mwanawe Samatar, mwenye malori mawili yanayopeleka unga na sukari hadi Sericho. Hamdia, mke wa Samatar. Na Shamis, binti wa Habon. Habari hii ni ya Shamis, ingawa mwenyewe angekuambia hana habari yoyote ya kusimuliwa.

Alikuwa na miaka thelathini na kitu, na hakuwa na mume. Hilo la mume lilikuwa limesemwa mpaka likawachosha hata mashangazi, na yeye halikumkera sana. Lililomkera ni lingine. Alipokuwa msichana alikwenda Nyeri kusomea uokaji. Kabla hajamaliza baba yake akafariki, naye akaitwa nyumbani amshike mama mkono kwa muda, mpaka eda iishe. Eda ikaisha, kisukari cha mama kikaanza. Kisukari kikatulia, Samatar akaoa. Samatar akapata watoto, na watoto wanahitaji mtu wa kuwaangalia. Kila jambo lilikuwa la muda tu, na muda ukawa unazaa muda mwingine.

Na katika nyumba ile si ajabu. Babu wa babu yake, askari wa Mwingereza aliyetoka Somaliland, aliambiwa baada ya vita apige kambi Isiolo kwa muda. Picha yake akiwa na sare na medali iko sebuleni mpaka leo, na wajukuu wa wajukuu wake bado wako kambini.

Msidhani Shamis alikaa bure. Aliokea jikoni kwa mama yake. Alianza na sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, mpaka akapata oveni ndogo ya gesi. Keki zake zilikatwa kwenye harusi za Burat, na nyingine zilifika Kulamawe zikiwa zimefunikwa kanga mbili juu ya magunia ya unga, vumbi likipiga hodi kila upande. Hakuna aliyemkataza. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Mtu akifungwa kamba, anaweza angalau kuwaonyesha watu alama mkononi. Shamis hakuwa na alama ya kuonyesha, na nadhani hilo ndilo lililomnyima usingizi kuliko kamba yenyewe.

Ijumaa ninayoisema, asubuhi, simu yake ililia akiwa anachekecha unga. Alikuwa Gaceri, Mmeru aliyesoma naye Nyeri. Gaceri alikuwa amepata duka Nanyuki, ndani yake oveni kubwa ya trei, na hakutaka mtu mwingine wa kufanya naye kazi ila Shamis. Mwenye duka alikubali kungoja mpaka Jumamosi, yaani kesho yake.

"Shamis, si uniambie tu ndio ama la," Gaceri alisema. "Hata ukisema la, sitakasirika. Lakini hii kunyamaza yako inaniua."

"Nitaongea na watu wa nyumbani leo. Tukimaliza kucheza."

"Kucheza nini?"

"Ile ya keki."

Gaceri akacheka mpaka akakohoa. "Yaani za kucheza uko na wakati, za ukweli ndio hauna?"

Shamis naye akacheka, akakata simu, akarudia unga wake. Aliazimia. Jioni hiyo, karata zikirudishwa ndani ya boksi, angesema. Maneno alikuwa nayo tayari, ameyapanga kwa siku nyingi akipiga mayai: Hooyo, nataka kwenda Nanyuki. Ni machache, hata mtoto angeyasema.

Hapa lazima niwaeleze sheria moja ambayo haikuwa kwenye kile kijitabu cha mchezo. Iliwekwa na Habon mwenyewe, alipochoshwa na Samatar na Hamdia kubishana kila oda. Mwenye zamu, ambaye walimwita mwenye tanuri, alisoma oda kisha akauliza mara tatu, "Tuoke?" Asiyetaka alipiga mkeka kwa kiganja. Aliyenyamaza alikuwa amekubali. Baada ya mara ya tatu tanuri limefungwa, na hakuna aliyeruhusiwa kutoa sauti mpaka lifunuliwe, isipokuwa mwenye tanuri. Atakayefungua mdomo ameleta moshi.

Habon aliitoa sheria hiyo kwenye ndoa. Zamani, alisema, mwanamwali aliulizwa na sheikh mara tatu, na kimya chake kilikuwa ridhaa yake. Akifika hapo hakuweza kujizuia, lazima asimulie ya kwake. Siku ya kuolewa na Abdirahim gego lilimvimba, shavu likawa limejaa, na ndani ya mdomo alikuwa na karafuu mbili alizopewa na bibi yake. Sheikh akaja mlangoni na mashahidi, akauliza, "Habon, umekubali?" Kimya. Akauliza tena. Kimya. Mara ya tatu, kimya, na wanawake wakapiga vigelegele. "Nikaozwa na gego," Habon alimalizia kila mara, na watu wakacheka kila mara. Shamis aliisikia hadithi hiyo tangu utotoni, na alijua pa kucheka kama anavyojua ngazi za nyumba yao gizani.

Basi, alasiri ikaswaliwa, mkeka ukatandikwa, chai ya tangawizi ikaja. Ya Habon bila sukari. Yeye aliupenda mchezo ule kuliko wote. Keki halisi za bintiye alizinusa tu, daktari alikuwa amemkataza, lakini keki za karata hazipandishi sukari. Halafu alisema ni mchezo wenye adabu, hakuna ndugu anayemshinda ndugu. "Kidole kimoja hakivunji chawa," Samatar aliongezea, kwa sababu Samatar hakuwahi kuiona methali imelala akaiacha ilale.

Samatar si mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya. Ni mtu mkarimu, anacheka kwa sauti, analipia wagonjwa wa watu wengine. Ila amezoea kukaa kwenye kiti cha dereva, na dereva akiongea abiria husikiliza. Mambo mazito aliyasema wengine wakiwa na tonge mdomoni, au wakiwa mlangoni wanavaa viatu. Sidhani alipanga hivyo. Ndivyo tu mkono wake unavyojua kukata kona.

Siku hiyo karata ziliwakubali. Keki ya limau iliiva. Keki ya karanga iliiva. Mikate miwili mitamu iliungua na moshi mara mbili ukatoka, lakini oda zikazidi kupungua, mpaka ikabaki moja. Habon alikuwa amekaa wima kama yuko msikitini. Shamis mwenyewe, aliyekuwa na mzigo wake moyoni, alijikuta anaombea lile sinia.

Zamu ilikuwa ya Samatar. Akasoma oda ya mwisho: keki ya ndizi, ambayo ilitaka unga, siagi, yai na ndizi.

"Tuoke?" Kimya. "Tuoke?" Kimya. "Tuoke?"

Tanuri likafungwa. Samatar akaweka karata yake, Hamdia akaweka yake. Zamu ya tatu ilikuwa ya Habon, na ya mwisho ilikuwa ya Shamis. Ndizi ilikuwa mkononi mwa Shamis, ndizi pekee iliyosalia. Habon akaanza kuzitazama karata zake moja moja, akizisogeza karibu na macho, akizirudisha. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole, na leo kulikuwa na la kufikiriwa.

"Fikiria tu polepole, Hooyo," Samatar alisema, yeye peke yake mwenye ruhusa ya kusema. "Acha mimi niwaambie kitu. Mimi na Hamdia tumepata nyumba Nairobi, pale South C. Watoto wataanza shule huko muhula unaokuja. Malori nitasimamia na simu, siku hizi kila kitu ni simu. Sasa Hooyo, Nairobi haiwezi, hiyo baridi itamsumbua, na hapa ndio kwake. Yeye atabaki na Shamis. Shamis anajua dawa ya Hooyo kuliko hata daktari. Si ni hivyo, walaal, ndugu yangu?"

Akamtazama dada yake kwa tabasamu la mtu anayetoa zawadi. Hamdia alikuwa amezama kwenye karata zake, hakuinua macho. Yeye alijua.

Shamis aliona alivyoachwa. Nyumba nzima, na yeye ndani yake kama sufuria iliyoachwa na mpangaji aliyehama. Hasira ilikuja safi, ile hasira aliyoisubiri miaka yote, na maneno yakaja nyuma yake yamejipanga. Akafungua mdomo.

Mkono wa Habon ukaruka. Kidole kikasimama mbele ya midomo, macho yakamtoka, akatikisa kichwa kwa nguvu. Hakuwa amesikia hata neno moja kuhusu South C, au alilisikia likapita. Alikuwa anaona moshi wa tatu. Alikuwa anamsihi bintiye asiwaharibie, leo, wakiwa wamefika hapa.

Shamis akafunga mdomo. Ni dakika moja, alijiambia. Wakishafunua, nasema.

Habon akaweka karata yake. Shamis akaweka ndizi. Samatar akazifunua: unga, siagi, yai, ndizi.

Mjane yule wa miaka sabini kasoro alipiga kigelegele ambacho jirani zao Waturkana, kina Ewesit, walikisikia wakadhani kuna mchumba amekuja. Alilia machozi kabisa. Akamkumbatia Hamdia, akambusu Samatar kichwani, akamvuta Shamis kifuani na kumtikisa. "Tumeshinda," alisema. "Wote. Hata mmoja hajaachwa." Watoto wakaja mbio kutoka uani kuona nani amekufa. Na katikati ya kelele hizo Samatar akawa tayari ana simu sikioni, anamwambia ami yao Abdiwali habari zote mbili kwa pamoja, ya ushindi na ya kuhama. "Ndio, tumeongea na yeye," alikuwa anasema. "Shamis hana neno. Nimemuuliza hapa mbele ya Hooyo, amenyamaza."

Wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Shamis alikuwapo, ameketi palepale, na lake halikuwapo vilevile. Simu ilipokatwa ilikuwa imeshapangwa nani atalala chumba kipi, na Hamdia alikuwa anamwahidi mapazia mapya.

"Mimi nilinyamaza kwa sababu ya mchezo," Shamis alisema.

Alilisema kwa sauti ya kawaida, lakini lilianguka katikati yao. Watoto walifukuzwa warudi uani. Samatar akakunja uso, si kwa hasira, kwa kutoelewa.

"Sasa mchezo si imeisha? Ongea, walaal. Nani amekushika mdomo?"

"Abaayo, dada yangu, kama kuna kitu..." Hamdia alianza.

"Ngojeni," Habon alisema.

Alijifuta machozi ya furaha kwa ncha ya shashi yake ya kichwani. Uso wake ulikuwa umebadilika. Sasa lile neno la South C lilikuwa limefika, na pamoja nalo mengine. Akamgeukia bintiye na magoti yao yakagusana.

"Usimwangalie Samatar. Huyo ukimwangalia atakujibia. Niangalie mimi. Mimi ndio nitauliza." Akavuta pumzi. "Shamis. Utabaki hapa na mimi?"

Hii ndiyo nafasi ambayo hakuna mtu aliwahi kumpa. Maneno yalikuwa kwenye ulimi. Aliangalia chini, akaona mkono wa mama yake umelala juu ya mkeka, ule mkono wenye madoa, na karibu na kiwiko alama ya sindano ya asubuhi ambayo yeye mwenyewe aliidunga. Hakusema.

"Shamis, utabaki hapa na mimi?"

Kwa miaka yote alikuwa amegombana na Samatar kichwani mwake, akichekecha, akikoroga, akiosha trei, na kila siku alimshinda. Kumbe ni rahisi kumkatalia asiyekuuliza. Kwa swali hili hakuwa amejiandaa. Kama mama yake angeomba, angelia, angetaja maumivu na upweke, Shamis angepata hasira ya kujishikia. Habon hakuomba. Alikaa tu, akimtazama, yuko tayari kusikia lolote, na shingoni mshipa ukimpiga. Simu ya Shamis ikatetemeka mfukoni mwa gauni lake la dira. Alijua ni nani. Iliendelea kutetemeka muda mrefu, kisha ikaacha.

"Shamis. Utabaki hapa na mimi?"

Hakukuwa na mchezo tena. Hakukuwa na moshi, wala sheria, wala kidole mbele ya midomo ya mtu. Mlango ulikuwa wazi na nje jua la jioni lilikuwa limejaa uani. Shamis alifungua mdomo, na alishangaa, alishangaa kweli, alivyosikia hautoi kitu. Alingoja pamoja na wenzake kusikia atasema nini. Kisha akaufunga.

"Alhamdulillahi," Samatar alisema, akashusha pumzi. Alikuwa amepata wasiwasi wa kweli, maskini. Akampapasa dada yake begani, akainuka, akatoka uani kumpigia mwenye nyumba wa Nairobi. Hamdia akakusanya vikombe haraka, akavipeleka jikoni, na hakurudi.

Wakabaki wawili na karata. Shamis aligundua kwamba mkono wake umepanda wenyewe mpaka shavuni na umelishika, kama mtu anayezuia kitu kisitoke.

Habon aliutazama ule mkono.

"Jino?" akauliza.

Shamis akaitikia kwa kichwa. Meno yake yote yalikuwa mazima, na mama yake alijua. Shamis aliposhindwa kuendelea kumtazama akainama, akaanza kutafuta kicheko kile cha kila siku, kile cha pale pa kucheka, lakini hakukipata.

Habon alianza kukusanya karata polepole, unga na unga, mayai na mayai, kama alivyopenda zikae. Uani Samatar alikuwa anacheka na mtu kwenye simu. Alipofika kwenye ndizi aliishika kidogo, akaiweka juu ya nyingine, akafunika boksi.

"Gego langu pia," alisema, "lilikuwa zima."